Mchanga ni Kifumbu: Jinsi ya Kuishika Mbolea Isiteremke na Mvua

Mwezi wa Mei, misimu mitatu nyuma, nilimwaga mfuko mzima wa CAN, mbolea ya dukani ya naitrojeni, kilo 50, kwenye konde langu la Utange, Mombasa, kwa asubuhi moja. Konde lenyewe halifiki nusu ekari. Mchicha ulikuwa na wiki mbili, mawingu yamefunga upande wa kusini, nami nikasema moyoni mvua itaiyeyusha mbolea na kuniepusha kuchota maji. Mvua ikaja kweli, siku tatu mfululizo. Wiki iliyofuata majani ya chini yakaanza kupauka, kisha yakawa manjano konde zima, isipokuwa kipande kimoja cha hatua kama sita kwa nne kilichobaki kijani cha kukolea. Hapo ndipo mavyaa alipokuwa akifunga mbuzi wake kabla hatujalihamisha zizi.

Alikuja na mkongojo wake, akasimama mpakani, akaangalia kote.

"Mwanangu," akaniambia, "mchanga wa huku ni kifumbu. Ukimimina, tui lateremka, chicha lasalia. Pale kwa mbuzi pana kitu cha kushika."

"Sasa mama, mfuko wote ule umekwenda wapi?"

Hakunijibu kwa maneno. Alinyoosha mkono akanionyesha kisima.

Kisima hicho kiko upande wa chini wa konde. Ndicho tunachoogea na kufulia, na mifereji ya bomba ikikauka ndicho tunachokinywea. Wifi yangu alikuwa na mtoto wa miezi miwili wakati ule. Tangu siku hiyo sijatia mbolea yoyote, ya dukani wala ya zizi, bila kujiuliza kwanza itakwenda wapi. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafanya, pamoja na sababu zake, kwa yeyote anayelima mchanga huu wetu kuanzia Likoni hadi Shanzu.

Jua unakanyaga nini

Mombasa haina udongo mmoja. Ukanda wa karibu na bahari, Nyali, Bamburi, Shanzu, umekalia mwamba wa matumbawe na udongo wake umejaa chokaa. Ukisogea bara kidogo unakuta mchanga, mweupe mahali pengine, mwekundu mahali pengine. Ukifika Changamwe na Miritini kuna mfinyanzi mzito, unaopasuka wakati wa kaskazi na kunata viatuni mvua zikianza. Ushauri unaomfaa wa Miritini unaweza kumtia hasara wa Utange, kwa hivyo usinakili kipimo cha mtu kabla ya kujua udongo wake.

Lowesha udongo kiganjani uufinyange kama kijiti. Ukivunjika hata kabla ya kuwa kijiti, ni mchanga. Ukikubali kukunjwa kama pete, ni mfinyanzi. Kisha chukua udongo mkavu kijiko kimoja, udondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa. Mimi nilishangaa: upande wa juu wa konde langu ulitoa povu, upande wa chini ulikaa kimya, na kati yake hakuna hata hatua arubaini. Tokea hapo nalihesabu konde langu kuwa makonde mawili.

Jaribio la tatu ni la shimo. Chimba kina cha dhiraa moja, jaza maji, yaache yazame, kisha jaza tena na uangalie saa. Upande wangu wa chini maji ya pili yaliisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Maji yanayozama kwa kasi hiyo hayaendi peke yake.

Nani hukimbia, nani hunaswa, nani hupaa

Hapa nitakaa kidogo, maana mtu akilielewa hili mengine yote huja yenyewe.

Chembe za mfinyanzi na chembe za mboji zina chaji hasi. Virutubishi vyenye chaji chanya, kama amoniamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, hujishikiza kwazo, maana hasi na chanya huvutana. Naitreti, ambayo kama amoniamu ni sura ya naitrojeni, ina chaji hasi kama chembe hizo, kwa hivyo udongo hauishiki kabisa. Huyeyuka kwenye maji na kwenda yanakokwenda maji. Sasa angalia CAN: nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti. Nilipoimwaga siku ile, nusu ilikuwa tayari kusafiri. Nusu ya pili, ile ya amoniamu, hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti, na kwenye udongo wenye joto kama wetu kazi hiyo huenda ikamalizika ndani ya wiki mbili tatu. Mchanga mtupu nao hauna chembe nyingi za kuishika hata hiyo amoniamu.

Urea, mbolea nyingine ya naitrojeni, ina tabia mbili. Siku za mwanzo, kabla haijabadilika, haina chaji yoyote, hivyo mvua kubwa ikiikuta huondoka nayo nzima. Ikikosa mvua na ikabaki juu ya udongo, hugeuka amonia na kupaa hewani, na kadiri udongo unavyokuwa na chokaa na jua linavyokuwa kali ndivyo inavyopaa zaidi. Ile harufu kali inayochoma pua ukipita kondeni adhuhuri ni pesa zako zinaondoka.

Fosforasi ni kinyume. Hiyo haina haraka. Kwenye udongo wa matumbawe hunaswa na kalsiamu, ikawa ipo lakini mmea hauwezi kuinyonya. Huondoka zaidi pamoja na udongo wenyewe, maji ya mvua yanapokokota tope la juu. Huku kwetu tope hilo huishia kwenye mkono wa bahari wa Mtwapa. Potasiamu iko katikati: penye mfinyanzi au mboji hukaa, penye mchanga mtupu huteremka taratibu.

Hesabu ya mvua ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa mwezi wa Mei si ajabu hapa, ni lita 50 kwa kila mita ya mraba. Mchanga wa kina cha sentimita 30 huweza kubeba takriban milimita 30 tu kabla haujaanza kuachia, na mara nyingi unakuwa umelowa tangu jana. Kinachozidi hushuka. Kwa kadirio linalotumiwa na wataalamu, milimita 25 za maji yanayozama huweza kuishusha naitreti sentimita 30 hivi kwenye mchanga. Mizizi mingi ya mchicha iko juu ya hapo. Siku tatu zile zilinitosha kupoteza kila kitu.

Mboji kwanza

Mtu akiniuliza aanze na nini, namwambia mboji, na sitamwambia kitu kingine hadi ameitia. Huleta zile chembe za kushika amoniamu na potasiamu, na hubeba maji. Kwa kuwa naitreti husafiri na maji, maji yakichelewa nayo huchelewa.

Kwa tuta la mita 10 za mraba mimi natia madebe matatu ya mboji iliyoiva, kama kilo 30, na kuichanganya na udongo kwa jembe hadi kina cha kiganja. Ikiwa ni samadi ya kuku, debe moja linatosha, tena iliyokaa. Samadi ya kuku ina nguvu nyingi za haraka, na hapa nataka niseme kitu ambacho wakulima wengi wenzangu hawapendi kukisikia: samadi nayo huteremka. Kwa kuwa ni ya asili watu huimwaga toroli baada ya toroli wakidhani haina madhara. Naitrojeni ya samadi huishia kuwa naitreti ileile ya mfuko, na mvua haiulizi ilitoka kwa kuku au kiwandani. Tofauti ni mwendo. Mboji iliyoiva huachilia kidogokidogo, mmea ukafuatana nayo. Samadi mbichi iliyorundikwa kupita kiasi huachilia kwa wingi wakati mche ungali mdogo na hauna mizizi ya kunyonya.

Fungu la samadi lifunikwe. Yale maji ya rangi ya chai yanayotoka chini ya fungu lililonyeshewa ndiyo potasiamu na naitrojeni yako. Langu liko chini ya makuti, na ninapoona vuli inakaribia naongeza turubai juu yake. Nimeliweka hatua zaidi ya arubaini kutoka kisimani.

Vitu vya kuviangalia unapotafuta vya kutia kwenye mboji: unga wa mbao na unga wa makumbi hubeba maji vizuri, lakini vikiingia udongoni vibichi, vijidudu vinavyovila huichukua naitrojeni ya mimea na mimea hugeuka manjano. Viozeshe kwanza na samadi. Makumbi yasuuzwe, hasa yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi. Mwani wa ufuoni vilevile. Majivu yana potasiamu nyingi, lakini usiyachanganye na samadi mbichi, maana huisukuma amonia itoke; na upande wenye matumbawe usiyatie kabisa, kwa kuwa yanaongezea chokaa pale pale ilipokwisha zidi.

Makaa ya vifuu nimeyapenda sana upande wa mchanga. Nayasaga hadi yawe kama punje za mchele, nayaloweka wiki mbili kwenye maji ya samadi, ndipo nayachanganya na mboji. Ukiyatia makavu yatanyonya rutuba ya udongo kwanza na msimu huo utaona mimea imedumaa. Yakishashiba hukaa miaka mingi.

Asiyeamini kwamba udongo unaweza kuumbwa upya na aende Haller Park pale Bamburi. Ilikuwa machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu. René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, na mvinje ndiyo iliyovumilia. Majani yake magumu yalirundikana bila kuoza, hadi walipoletwa jongoo. Jongoo wakayala, kinyesi chao kikawa mboji, na miti mingine ikapata pa kushika. Niliwapeleka wanangu, nikainama nikachota kiganja cha udongo ule mweusi juu ya mwamba, machozi yakanilenga. Siku hizi jongoo nikimkuta kwenye fungu langu simtupi.

Mbolea ya dukani, kwa kijiko

Sijaiacha mbolea ya dukani. Mboji peke yake, kwa kiasi ninachoweza kukusanya, haiwezi kunilishia mchicha wa kuvunwa kila wiki na kupelekwa soko la Kongowea. Nilichoacha ni kuitia kwa pupa.

Kwa tuta lile la mita 10 za mraba natia vifuniko vinane vya soda vya CAN kwa mara moja, vilivyosawazishwa, kila kimoja kama gramu 5. Mara ya kwanza ni siku ya kumi na nne tangu kuota, ya pili baada ya wiki mbili, ya tatu baada ya mbili tena, ikiwa majani yanaihitaji. Jumla ni gramu 120, na huingia mizizi ikiwa inakua kuilaki. Naichora mifereji midogo kati ya mistari, naitia, nafukia, namwagilia kidogo. Kidogo kweli: kusudi ni iyeyuke ifike kwenye mizizi, isipite.

Kabla ya kutia naangalia utabiri wa idara ya hali ya hewa. Mvua kubwa ikitajwa ndani ya siku mbili tatu, mfuko unabaki ndani. Manyunyu hayanizuii, hata nayasubiri.

Urea naitumia upande wa mchanga tu, na lazima ifukiwe siku hiyohiyo. Naichanganya na mbegu za mwarobaini zilizokaushwa na kutwangwa, sehemu moja ya mwarobaini kwa tano za urea, nikailaza usiku mmoja. Mwarobaini huwachelewesha wale bakteria wanaogeuza amoniamu kuwa naitreti. Si imani za vijijini. India iliamuru mwaka 2015 kwamba urea yote inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini. Nasi mti huu umesimama kila uwanja Mombasa, mbegu zake zinafagiwa na kuchomwa.

DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, ni ya kupandia. Upande wa matumbawe usiinyunyize konde zima, utakuwa unailisha chokaa. Tia kifuniko kimoja shimoni, changanya na kiganja cha mboji na udongo, kisha mbegu juu yake. Mboji iliyo jirani huisaidia fosforasi isinaswe upesi.

Chokaa ya kilimo muuzaji atakwambia ni nzuri kwa kila udongo. Kwa udongo uliotoa povu la siki, kataa. Upande wangu wa mchanga, ambao umetiwa mbolea zenye amoniamu miaka mingi, unaweza kuwa na asidi na ukaihitaji, lakini hilo nitaliamini maabara ikisema. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wana maabara ya udongo Kabete, Nairobi. Ukiwa huku, uliza kituo chao cha Mtwapa au ofisi ya kilimo ya kaunti namna ya kupeleka sampuli.

Na uyasome majani kabla ya kufungua mfuko. Manjano yanayoanza na majani ya zamani ya chini ni njaa ya naitrojeni. Majani mapya ya juu yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, kwenye matumbawe, kwa kawaida ni njaa ya chuma, na CAN haitakusaidia. Kingo za majani ya chini zikiungua, fikiria potasiamu. Mahindi machanga yenye rangi ya zambarau yanalia fosforasi.

Chupa mbili

Jaribio hili lilinifundisha kuliko maelezo yote. Nilikata vitako vya chupa mbili za maji za lita moja na nusu, nikazigeuza, nikafunga midomo kwa kitambaa. Ya kwanza nikaijaza mchanga wa konde. Ya pili mchanga uleule, vipimo vinne, na mboji iliyoiva kipimo kimoja. Nikazilowesha zote hadi zikaacha kudondoka. Kisha nikatia juu robo ya kijiko cha chai cha CAN kwa kila moja, nikawa namimina bilauri moja ya maji kila mara, nikikinga yanayotoka. Yale maji niliyapima kwa karatasi za naitreti, zile wanazotumia wafugaji wa samaki wa kwenye matangi ya vioo, zinageuka waridi.

Mchanga mtupu ulitoa waridi kali kwenye bilauri ya pili. Wenye mboji ulikuwa hafifu hadi ya tatu, ukakolea kwenye ya nne. Nikaendelea. Kufikia ya nane zote mbili zilikuwa zimekwisha toa.

Nililitazama jambo hilo muda mrefu. Mboji huichelewesha naitreti, haiizuii milele. Kazi ya kuiondoa kwenye maji ni ya mizizi. Ndiyo sababu ya vifuniko vinane badala ya mfuko, na ndiyo sababu siachi tuta wazi mvua zikinyesha. Mchicha ukiisha kabla ya mvua kwisha, siku hiyohiyo napanda mahindi au mtama yaje yanyonye kilichobaki chini. Mpakani, kati ya konde na kisima, nimepanda mstari wa mbaazi, ambazo mizizi yake huenda mbali, na nyuma yake ukanda wa nyasi wa hatua tano wa kunasa tope.

Kisima

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita. Hatari kubwa ni kwa watoto wachanga wa chini ya miezi sita wanaochanganyiwa maziwa kwa maji ya kisima: naitreti huizuia damu yao kubeba oksijeni, mtoto akaanza kuwa wa samawati midomoni. Na kuchemsha hakusaidii. Maji yanapopungua kwa mvuke, naitreti inabaki ileile, ikawa nzito zaidi.

Nilipima kisima chetu kwa zile karatasi na rangi ikapita kikomo. Haki lazima isemwe: vyoo vya shimo vilivyo jirani navyo huleta naitreti, na karatasi haiwezi kunitajia ipi ni ya nani. Lakini ile ya konde ni yangu mimi. Wifi alianza kumchukulia mtoto maji ya mtungi siku ileile, na alhamdulillahi hakudhurika. Sasa napima mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa vuli, naandika rangi na tarehe ukutani kwa kalamu ya mkaa. Mwaka jana ilikuwa hafifu kidogo kuliko mwaka wa juzi.

Zizi nalo halikai mahali pamoja tena. Mbuzi wakilala misimu mingi pale pale, samadi na mkojo hujaa kupita uwezo wa udongo, hivyo tunalihamisha kila baada ya mvua, daima upande ulio mbali na kisima. Mavyaa ndiye anayechagua mahali. Msimu huu amewafunga juu, kwenye matumbawe, karibu na mpapai. Mvua za Aprili zikianza nitapanda bamia pale, wala sitatia CAN hadi nizione zimeanza kutoa maua.